Soto hakufunga magoli 43, mhariri

Mhariri,

Miaka tisa nawasoma nikiwa huku New York sijawahi kuwaandikia hata mstari, ila ile ripoti yenu ya usajili wa Juan Soto, mchezaji wa besiboli wa timu ya Mets ya hapa New York, imenishinda. Mmeandika ati kafunga magoli 43. Kwanza besiboli haina goli. Alipiga homurani 43 mwaka 2025, yaani mpira unapaa unavuka ukuta, wala hakuna kipa hapo.

Mnasema ati Mets wameliwa, dola milioni 765 kwa miaka 15 halafu timu ikashinda mechi 83, ikapoteza 79, ikakosa mtoano. Sawa, ilikosa. Lakini tarehe 12 Juni walikuwa wameshinda 45 na kupoteza 24 tu, siku hiyohiyo Senga, mrushaji wao, akaumia paja, na warushaji wengine nao wakaanza kupukutika. Soto kazi yake kupiga na kudaka kule nyuma, harushi!

Sasa nisikilizeni. Msimu ule nilimpeleka mpwa wangu Citi Field, uwanja wa Mets, ndo kwanza katoka Tanga, paking nikalipa hela ya mchele wa mwezi, tukakaa juu kabisa. Soto akaja kupiga. Anachuchumaa, anafagia udongo kwa mguu, anamkodolea macho mrushaji kama anamdai. Mpira wa kwanza kauacha, wa pili kauacha, mpwa ananivuta mkono, "Anko, mbona hapigi?" Nikamwambia tulia wewe, akirushiwa minne mibovu anapewa bezi ya kwanza bure, yaani kile kituo cha kwanza cha kukimbilia. Jamaa nyuma yetu anazomea, pesa yote ile anasimama tu, mara soda yake yote chwaa kwenye koti langu jipya. Wa nne nje, Soto huyoo bezi ya kwanza, aliyemfuata kapiga homurani, pointi mbili, na jamaa yuleyule kanikumbatia utadhani tumezaliwa tumbo moja, koti linanata. Bezi za bure kama ile alipata 127 msimu huo, na kwenye ligi yao ya National hakuna aliyemzidi wastani wa kufika bezi. Ripoti yenu namba hiyo haimo! Iliyomo ni milioni 765, mmeitaja mara sita, nimehesabu, mkaigeuza shilingi mkauliza ingejenga zahanati ngapi. Zahanati ya nini na hela ni ya Steve Cohen, mwenye timu?

Mngekosoa udakaji wake ningewapigia makofi, kuna mipira anaikimbilia kama anafukuza kuku wa jirani. Au huo mkataba unaoisha 2039 akiwa anagonga miaka 41. Mets haohao mchezaji wao Bobby Bonilla alishaondoka zamani na bado wanamlipa kila tarehe 1 Julai mpaka 2035, hilo nalo hamkuligusa.

Na si besiboli tu. Simba au Yanga wakisajili mtu, nyie mnamsifia kuanzia ngazi za ndege, hajagusa mpira, mshaandika "mashine", baada ya miezi mitatu yuko benchi mnaandika "garasa". Siku hizi ukurasa wenu wa michezo namwachia mpwa asome.

Huyo mwandishi wenu akipata viza aje. Tiketi ntamlipia mimi, kule kule juu, nampa penseli na karatasi ahesabu mipira anayoiacha Soto mechi nzima, simu nakaa nayo mimi. Na avae lile koti langu, doa halijatoka.

Msomaji wenu,
Queens, New York