Kuku gani ana meno?

Ndugu Mhariri,

Gazeti lenu nalisoma tangu mwaka 1994 na sijawahi kuwaandikia hata mstari mmoja. Ila taarifa yenu ya Jumamosi kuhusu yule kuku mkubwa anayecheza muziki nje ya mgahawa mpya, mkamwita kivutio cha watoto, imenichoma.

Mwezi uliopita nilimpeleka mjukuu wangu wa miaka mitano kwenye mgahawa wa aina hiyo hapa Kinondoni. Mlangoni tulimkuta kijana kavaa vazi la kuku la njano, aproni kiunoni, kofia ya mpishi kichwani, mdomo umejaa meno. Kuku gani ana meno? Mtoto akamkumbatia, wakacheza. Ndani yakaletwa mapaja, na kwenye boksi kuku yuleyule anacheka, kashika paja la kukaanga. Mtoto akauliza, "Bibi, tunamla yule rafiki yangu wa mlangoni?" Nikakosa jibu. Alilia mpaka tukaondoka, chakula hakikuguswa. Nieleweke: mimi nafuga kuku, na wa sikukuu huchinjwa uani kwangu mtoto akiona. Anajua kuku anakimbizwa, anapiga kelele, anachinjwa kwa bismillahi, ananyonyolewa. Hilo halijawahi kumliza. Kilichomliza ni kudanganywa kwamba kuku anafurahia kuliwa, tena ndiye anayetukaribisha mezani. Yule ng'ombe anayecheka kwenye jibini ya Wafaransa, La vache qui rit, wanaye tangu 1921, lakini huyo anakamuliwa maziwa na kurudi malishoni. Mwenye mapaja anarudi wapi? Na mbuzi anayetabasamu kwenye bango la nyama choma? Na samaki aliyevalishwa miwani, kashika uma?

Tulipotoka, yule kijana alikuwa amejibanza nyuma ya jenereta, kichwa cha kuku kakiweka chini, fulana imelowa chapachapa. Saa nane mchana, Februari, Dar es Salaam! Nilimpa chupa yangu ya maji, akaimaliza bila kupumua. Pembeni yake spika mbili zinanguruma, zimeziba njia ya waenda kwa miguu, nikalazimika kumshika mtoto mkono tupite barabarani katikati ya bodaboda. Spika hizo hazizimwi mpaka saa nne usiku. Wagonjwa na wanafunzi wa mtaa huo walale saa ngapi?

Kuwaondoa wanyama hawa wa kuchekesha, Chile wameweza. Mwaka 2016 sheria yao iliondoa vikaragosi kwenye maboksi ya vyakula vyenye sukari nyingi, na hata Tony, yule chui milia wa Marekani wa kwenye boksi la nafaka za kifungua kinywa, aliyeanza kazi mwaka 1952, akafutwa.

Naomba wenye migahawa wachore mpishi wao halisi, kwa sura yake, kashika kijiko chake. Kuku achorwe akiwa kuku, amesimama chini, bila aproni na bila meno. Kijana asivalishwe vazi lile kabla ya saa kumi na moja jioni, apewe kiti na ndoo ya maji ya kunywa. Spika ziingizwe ndani, waliomo wazisikilize.

Bibi, msomaji wenu,
Kinondoni, Dar es Salaam