Bandikeni hesabu za muluka ukutani

Mhariri,

Kwa muda sasa wasomaji wako wamekuwa wakivutana juu ya dawa ya ufisadi. Yuko anayetaka wezi wa mali ya umma wanyongwe, yuko anayetaka tume mpya, na yuko anayesema tusubiri uchaguzi. Wa kunyonga simjibu. Huyu wa tume mpya ndiye ninayetaka kubishana naye.

Hapa Uganda vyombo tunavyo tele. Tuna IGG, yaani Mkaguzi Mkuu wa Serikali anayechunguza rushwa, tangu miaka ya 1980 na tuna Mkaguzi Mkuu wa Hesabu. Tuna sheria ya maadili ya viongozi ya 2002 na sheria ya kupambana na rushwa ya 2009. Mahakama Kuu ina divisheni yake ya ufisadi, na Ikulu nayo ikaunda kitengo chake Desemba 2018. Pamoja na hayo yote, mwaka 2022 makamishna wanne wa Bunge, yaani wabunge wanaosimamia uendeshaji wake, walipokea jumla ya shilingi bilioni 1.7 zilizoitwa tuzo ya utumishi. Wananchi tulizijua mwaka 2024, watu walipoanza kuanika matumizi ya Bunge mitandaoni. Watetezi wao walisema zilipitishwa kihalali. Tuseme ni kweli: basi tume gani ingewakamata, ikiwa hakuna sheria iliyovunjwa? Kilichowatoa jasho ni kuonekana tu.

Na hili la kuonekana lilishajaribiwa hapa hapa Uganda. Watafiti walifuatilia ruzuku za shule za msingi za mwaka 1991 hadi 1995 wakakuta kwamba, kwa wastani, asilimia 13 tu ndiyo iliyofika shuleni. Shule nyingi hazikupata hata senti. Pesa zilikuwa zikiishia wilayani. Serikali ikaanza kuchapisha magazetini kiasi kilichotumwa kwa kila wilaya, kisha shule zikatakiwa kubandika matangazo ya pesa walizopokea. Kufikia 2001, zaidi ya asilimia 80 ilikuwa inafika. Wachumi wamebishana tangu hapo kama sifa yote ni ya magazeti, maana kulikuwa na mageuzi mengine wakati ule ule. Wabishane. Mimi ninachokiona ni kwamba mwalimu mkuu aliyejua tarehe na kiasi aliweza kwenda wilayani kudai, na asiyejua alirudi na pole.

Sasa tazama pesa za PDM, mpango wa serikali wa kukopesha kaya maskini. Kila muluka, yaani eneo la vijiji kadhaa, hupangiwa shilingi milioni 100 kwa mwaka, na kaya hukopeshwa hadi milioni moja kwa riba ya asilimia 6. Hapa kwetu mpakani, muulize mama muuza samaki kama jina lake limepita. Atakwambia ameambiwa asubiri, kisha ameambiwa atoe ya mafuta ya pikipiki, kisha ameambiwa pesa zimekwisha. Zimekwisha vipi? Ziliingia lini? Wamepewa akina nani? Orodha iko kwenye faili, faili iko kabatini, na mwenye ufunguo amekwenda semina.

Ninachoomba ni karatasi ukutani katika kila muluka: tarehe pesa zilipoingia, kiasi, majina ya waliopokea na kijiji cha kila mmoja, na salio. Iandikwe kwa Kiswahili na kwa Kisamia au Kiteso, si kwa Kiingereza cha ofisini. Najua nitaambiwa kwamba deni la mtu ni siri yake. La benki, sawa. Hili ni la umma, na anayeweza kutambua kwamba jina namba fulani ni la marehemu, au la shemeji wa mkubwa anayeishi Kampala, ni jirani. Mkaguzi kutoka mbali atayajulia wapi?

Majukwaa ya kuuliza maswali yalikuwepo. Mwaka 2009 serikali ilianzisha mabaraza ya gombolola, yaani mikutano ya wananchi katika ngazi iliyo juu ya muluka, viongozi waje waeleze walivyotumia pesa. Mwaka huo huo, baada ya ghasia za Septemba, ikapiga marufuku bimeeza, ile midahalo ya redio ya hadharani. Yaani tuulize, ila kwa ratiba yao. Mabaraza niliyohudhuria yalikuwa ya kiongozi kusoma takwimu haraka haraka na sisi kupiga makofi, kwa kuwa hakuna aliyekuwa na karatasi ya kulinganisha.

Wala tusitegemee sana wenyeviti wa LC1, yaani wa mabaraza ya vijiji. Walichaguliwa 2001, wakakaa miaka 17 hadi tulipopanga mistari tena nyuma ya wagombea 2018, na muhula huo ulipokwisha 2023 ukaongezwa, ukaongezwa tena. Mtu ambaye muda wake unategemea barua ya waziri hawezi kugombana na wilaya kwa ajili yangu. Uchaguzi wa kijiji ufanyike kwa wakati wake, hilo nalo liingie kwenye mjadala wenu wa mageuzi, kwa sababu naona wote mnazungumzia rais na wabunge tu.

Na wewe Mhariri una kazi yako. Wizara ya Fedha hutangaza kila robo mwaka pesa inazotoa. Tutengee ukurasa mmoja wenye mgao wa kila wilaya, hata ikibidi uondoe barua zetu.

Mfanyabiashara wa nafaka,
Busia