Jumamosi kwa kina shosho: tarehe imebadilika

Hamjambo wapendwa, natumai mko poa. Ile siku yetu ya kusherehekea na wazee kule home (makao ya wazee) imesongezwa, sasa ni Jumamosi tarehe 3 Oktoba, siku mbili tu baada ya Siku ya Wazee Duniani. Tukutane stage ya Kencom, Nairobi, saa tatu asubuhi, gari inatoka saa tatu na nusu.

1. Mchango ni 500 kila mtu, tuma kwa mweka hazina kabla ya Jumatano jioni ndio tununue vitu Alhamisi.
2. Keki na soda tumeondoa, nesi amesema wengi wana sukari na presha, so tutapika mukimo laini na supu ya kuku, chumvi kidogo, na papai imeiva vizuri juu wengine hawana meno.
3. Leteni leso, soksi na daipa za watu wazima, hizo ndio huisha haraka sana.

Lakini jamani kitu kubwa ni kukaa nao. Last time kuna shosho alinishika mkono tangu tuingie mpaka dere akapiga honi, akaniuliza mara tatu kama nitarudi na nikamwambia ndio. Kwa hivyo usikuje kupiga picha tu, na hata hizo picha tuwaombe ruhusa kwanza. Ukiwa na kikohozi au homa tafadhali baki nyumbani.

Naomba kila mtu aandike hapa "nakuja" au "siji" kabla ya Jumanne usiku, matron anataka idadi. Na wanaojua kusuka nywele, niambieni.