Programu ya kutuliza akili za walimu iwe mali ya walimu wenyewe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo linalonigusa sana, mimi nikiwa mwalimu wa shule ya msingi niliyetimiza miaka 19 kazini. Mwezi uliopita walimu saba wa kata yetu tuliitwa kutoa maoni kuhusu programu ya simu inayokusudiwa kuwafundisha walimu mazoezi ya kutuliza akili, yaani kukaa kimya kwa dakika chache, kufuatilia pumzi inavyoingia na kutoka, na kuirudisha akili taratibu kila inapokimbilia kwingine. Tuliulizwa tunapenda rangi gani, tunataka sauti ya mwanamke au ya mwanamume, na kama tungefurahi kupewa nyota kila tunapomaliza zoezi. Hatukuulizwa ni nani tungependa ayaone majibu yetu. Nilipouliza mwenyewe, nilijibiwa kwamba taarifa hizo zingepelekwa kwa viongozi wa elimu ili wazijue hali za walimu wao. Tangu siku hiyo sijaacha kulifikiria jibu hilo, kwa sababu naamini ndilo litakaloamua kama walimu wataitumia programu hiyo kwa moyo au wataifungua kwa kuogopa tu kuulizwa.

Nisieleweke kwamba nayapinga mazoezi yenyewe, kwani yamenisaidia. Mwaka 2019 nilikuwa na darasa la pili lenye watoto 118 katika chumba kimoja, wakati kiwango kilichowekwa kwa shule za msingi ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45. Elimu bila ada, iliyoanza Januari 2016, ilituletea watoto ambao pengine wasingeliona darasa maishani mwao, na neema hiyo siwezi kuilalamikia hata siku moja. Lakini vyumba na walimu havikuongezeka kwa kasi ileile. Asubuhi moja mtoto mmoja aliniuliza kwa mara ya tatu tunaandika ukurasa wa ngapi. Nilimfokea hadi akajikojolea mbele ya wenzake. Nilitoka nje nikasimama chini ya mwembe, mikono ikitetemeka, nikijua kwamba mtoto yule hakuwa amenikosea lolote. Usiku uliotangulia nilisahihisha madaftari hadi saa sita, nikaandika maandalio ya masomo ya siku iliyofuata, na bado nilikuwa mwalimu wa zamu wiki ile.

Dada yangu, ambaye ni muuguzi, ndiye aliyenifundisha kuvuta pumzi nikihesabu hadi nne na kuitoa nikihesabu hadi sita. Alinieleza kwamba pumzi inapotolewa polepole, mapigo ya moyo nayo hupungua kasi, na mwili uliokuwa umejiandaa kupigana au kukimbia hupata ishara kwamba hatari imepita. Nilianza kufanya hivyo mlangoni kila asubuhi kabla ya kuingia darasani, mara kumi tu, mkono ukiwa juu ya kitasa. Watoto walibaki 118. Nilichopata ni nafasi ndogo kati ya hasira kupanda na mdomo kufunguka, na katika nafasi hiyo niliweza kuchagua la kusema.

Mazoezi ya namna hii yalipewa mpangilio wa kitabibu mwaka 1979 na Jon Kabat-Zinn katika Chuo Kikuu cha Massachusetts nchini Marekani, kwa mafunzo ya wiki nane yaliyokusudiwa wagonjwa wenye maumivu yasiyokwisha. Yeye mwenyewe aliyachota kutoka katika mapokeo ya Kibudha, kisha akayafundisha hospitalini bila mavazi ya dini. Nalitaja hili kwa sababu baadhi ya wenzangu waliguna walipolisikia, na ningependa waandaaji waliseme wazi tangu mwanzo badala ya kulificha. Muislamu anayebaki kitako baada ya sala akivuta uradi, na Mkristo anayekaa kimya kanisani kabla ya ibada kuanza, hawahitaji kufundishwa thamani ya utulivu. Wanahitaji kuhakikishiwa kwamba hakuna anayewaomba waiache imani yao. Basi sauti za kengele za hekaluni ziondolewe, na yatumike maneno yetu ya kawaida: kutulia, kuvuta pumzi, kurudi.

Kwa upande wa walimu, utafiti ninaouthamini ni ule uliofanyika katika shule 36 za msingi za jiji la New York na kuchapishwa mwaka 2017, ambao ulihusisha walimu 224. Waliopata mafunzo ya kutuliza akili walionekana kupungukiwa na msongo wa mawazo na kuzimudu hisia zao vizuri zaidi kuliko wasioyapata, na hata mahusiano yao na wanafunzi darasani yalikuwa bora. Ila mafunzo yale hayakuwa ya kubonyeza simu peke yake. Walimu walikutana ana kwa ana kwa muda wa saa 30, siku tano zilizotawanywa katika miezi kadhaa, na katikati walipigiwa simu na mtu wa kuwashauri. Uingereza nako, katika utafiti mkubwa uliotolewa mwaka 2022 na kuhusisha wanafunzi zaidi ya 8,000, masomo ya aina hii hayakuwasaidia wanafunzi kuliko masomo ya kawaida. Walimu ndio walioonekana kupungukiwa na uchovu mara baada ya mafunzo, lakini baada ya mwaka mmoja nafuu hiyo ilikuwa imefifia kwa sehemu kubwa. Najifunza hapo kwamba sauti iliyorekodiwa haitoshi. Pawepo mwalimu mmoja katika kila kata aliyefundishwa vizuri, ambaye wenzake watakutana naye mara moja kwa mwezi, pengine katika kituo cha walimu, na ambaye si mwalimu mkuu wao wala afisa elimu wao.

Sasa nirudi kwenye suala la nani anaona nini. Mwalimu wa Tanzania tayari anajaza utendaji wake katika PEPMIS, mfumo wa kompyuta wa serikali wa kupima kazi za watumishi, anasaini daftari la mahudhurio, anakaguliwa maandalio na wathibiti ubora wa shule, na kupanda kwake daraja hupitia mikononi mwa watu walewale ambao waandaaji wanataka wapewe taarifa hizi. Mwalimu huyo akiulizwa na programu hiyo kama wiki hii amelala vizuri, kama ameichukia kazi yake, kama amelia, atajibu kwamba yuko salama salimini, na wataalamu watachora grafu nzuri zisizo na ukweli ndani yake. Wapo walimu ambao usingizi wao unakatwa na mikopo ya kausha damu, na kadi zao za benki zimekaa kwa mkopeshaji tangu mwaka jana. Wapo waliofiwa, na wapo wanaopigwa majumbani. Katika jamii ambayo jina la Hospitali ya Mirembe ya Dodoma, inayotibu magonjwa ya akili, limegeuzwa kuwa tusi la kumtupia mtu, nani kati yao ataandika hayo mahali ambapo bosi wake anaweza kusoma?

Tuliambiwa pia kwamba programu itawekwa katika vishikwambi tulivyogawiwa baada ya Sensa ya mwaka 2022. Vifaa hivyo ni mali ya serikali, na katika shule nyingine hukaa kabatini ofisini na kutumiwa na zaidi ya mtu mmoja. Siri ya moyo wa mtu haiwekwi humo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti, na sioni kwa nini usingizi na machozi ya mwalimu visilindwe hivyo. Ningependekeza programu isimtake mtu jina, namba ya utumishi wala jina la shule. Majibu yabaki ndani ya simu yake mwenyewe na aweze kuyafuta. Na kama wataalamu wanahitaji takwimu, wawaombe walimu wanaokubali kwa hiari, kwa karatasi isiyo na jina. Nyota na orodha za washindi ziachwe kabisa, maana mwalimu aliyeshindwa kupumzika hana haja ya kutangazwa kwamba ameshindwa hata katika hilo.

Kuhusu muda na gharama sitasema mengi. Zoezi lisizidi dakika tano na lifanyike ndani ya saa za kazi, kwa sababu likihesabiwa kuwa la nyumbani litawaangukia walimu wa kike kati ya jiko na madaftari. Sauti zipakuliwe mara moja na kurushwa kutoka simu hadi simu bila kula bando, na wenye simu za kitochi wapewe namba ya bure ya kupiga na kusikiliza, kama watoto walivyo na namba 116 ya kuomba msaada. Tena mtu asilazimishwe kufumba macho. Kuna waliopitia mambo mazito ambao ukimya huwaamshia kumbukumbu, na hao waambiwe mapema kwamba wanaweza kuacha wakati wowote na waelekezwe mahali pa kumwona mtaalamu.

Shirika la Afya Duniani, lilipouelezea uchovu wa kazi uliokithiri mwaka 2019, liliuita hali inayotokana na shinikizo la kazini lisiloshughulikiwa, na halikuuweka miongoni mwa magonjwa. Kwa hiyo naomba wakubwa wetu wasije wakasema kwamba, kwa kuwa walimu wamepewa programu, wale 118 katika chumba kimoja si tatizo tena. Pumzi kumi mlangoni zilinizuia nisimfokee mtoto, hazikumpatia dawati.

Sisi walimu saba tulikubaliana kwamba tuko tayari kuijaribu programu hiyo kwa muhula mmoja na kueleza kwa uaminifu tulichokiona. Tunaomba tu kwamba ahadi ya kutopeleka taarifa zetu kwa mwajiri iandikwe, isainiwe na waandaaji, na isomwe mbele yetu kabla ya yeyote kati yetu kutoa namba yake ya simu.

Mwalimu wa shule ya msingi,
Mkoa wa Tanga