Shukrani kwa mama wa kofia ya njano, Brays Bayou

Shukrani zangu zimfikie mama wa makamo aliyenikuta Jumamosi asubuhi chini ya daraja, kwenye njia ya baiskeli kando ya Brays Bayou, mmoja wa mito ya hapa Houston, tairi langu la nyuma likiwa limepata pancha. Jina hakunitajia. Alipindua baiskeli, akachomoa tyubu, akaijaza upepo na kuisogeza shavuni mpaka akahisi inapovujia. Akakwangua kwa msasa, akapaka gundi, akabandika kiraka na kukikandamiza kwa dole gumba, huku ananipa historia ya mji!

Kumbe Arthur Comey, mpangaji wa miji, alipendekeza bustani kando ya mito hii tangu 1913. Mji ukalikalia wazo, na baadaye mito kadhaa ikanyooshwa na kumwagiwa zege ili maji ya mafuriko yakimbie. Ni mwaka 2012 ndipo wapiga kura walipoidhinisha dola milioni 100, wafadhili wakaongeza zao, vipande vya njia vilivyotengana vikaanza kuunganishwa kuwa mtandao wa takriban kilomita 240. Ujanja wao naupenda: sehemu kubwa ya kingo ilikwisha kutengwa kwa ajili ya mafuriko, hivyo hawakuhitaji kubomolea watu nyumba. Na njia ikipita chini ya daraja, hugombanii barabara na magari. (Matope baada ya mvua ni habari nyingine.)

Mama, kiraka bado kinashika. Pampu yako uliisahau kwenye nyasi. Ninayo, natembea nayo kila Jumamosi, tukikutana nitakurudishia na chai ya tangawizi juu.