YAH: Ruta isiyopata intaneti tangu ifungwe, na lugha ya mhudumu wenu

Meneja, Huduma kwa Wateja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Kwa heshima zote, naandika nikiwa na hasira. Fundi wenu alifunga ruta dukani kwangu, Tabata, akaondoka kabla taa hazijatulia, akidai intaneti itapanda yenyewe. Haijapanda mpaka leo. Taa ya PON, inayoonyesha kifaa kimeungana na mtandao wenu, imezimika, ya LOS inapepesa nyekundu. Simu inashika waifai vizuri, ila inaandika hakuna intaneti.

Nikapiga kwenu. Zima, washa, nikafanya. Rudisha mipangilio ya kiwandani, nikafanya. Nikamweleza mhudumu kwamba LOS nyekundu maana yake mwanga wa faiba haufiki kwenye kifaa, kwa hiyo kuzima na kuwasha hakutasaidia. Nikafungua hadi ukurasa wa mipangilio ya ruta, 192.168.1.1, nikamsomea: anwani ya nje ni 0.0.0.0, yaani ruta haijapewa anwani yoyote ya intaneti. Ndipo akaniambia, "Mama, tafuta kijana anayejua haya mambo, niongee naye." Simu ilikuwa kwenye spika na kaunta imejaa wateja.

Na hiyo kebo! Fundi aliipitisha kwenye bawaba za mlango, kila mlango ukifungwa inabanwa. Nilimwonyesha siku ileile, akasema haina neno. Faiba ni uzi wa kioo, ikikunjwa sana mwanga unapotea. Hilo mnalijua kuliko mimi.

Narudia lile la simu, maana ndilo linaloniuma. Namsomea mhudumu taa moja baada ya nyingine, watu wote wananisikiliza, naye ananikatiza: "tafuta kijana". Binti aliyekuja kujaza maombi ya mkopo wa elimu ya juu wa HESLB akakusanya vyeti vyake kimya kimya, akahamia steshenari ya jirani. Ruta iliyokuwepo kabla ya hii yenu niliifunga kwa mikono yangu, na ilifanya kazi.

Mwanzoni nilitaka fundi tu. Sasa nataka fundi mwingine, aje na kipimo cha mwanga na aipitishe kebo upya. Gharama ya kufungiwa irudi, na kifurushi kihesabiwe kuanzia siku intaneti itakapofanya kazi. Mhudumu yule naye anipigie aniombe radhi, tena mchana, duka likiwa na watu kama siku ile.

Ijumaa ikipita mkiwa kimya, sitataka tena fundi. Njooni mng'oe vifaa vyenu, mnirudishie fedha yote. Picha za taa na risiti ninazo, nazo zitakwenda TCRA, mamlaka ya mawasiliano, pamoja na nakala ya barua hii. Sheria ya TCRA ya mwaka 2003 imeweka utaratibu wa malalamiko kama haya, na nitaufuata mpaka mwisho.

Nasubiri simu yenu.

Mteja wenu,
Tabata, Dar es Salaam