Risala ya Wahitimu wa Uuguzi kwa Mgeni Rasmi: Usalama wa Mgonjwa wa Akili Wodini

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Chuo, wakufunzi wetu, wauguzi viongozi mliotulea wodini, wazazi na walezi, wahitimu wenzetu, mabibi na mabwana,

Kwa heshima na taadhima tunakushukuru kwa kuacha shughuli zako nyingi ukaja kuketi nasi. Risala za mahafali tumezoea kuzisikia zikianza na historia ya chuo na upungufu wa madawati. Leo tunaomba ruhusa yako tuanzie wodi ya wagonjwa wa akili, maana huko ndiko tulikojua kazi tuliyoichagua ni kazi gani.

Usiku mmoja wa mafunzo kwa vitendo, ndugu walimleta kijana akiwa amefungwa kamba za katani mikono na miguu. Walisema amepandisha kichaa tangu jioni, anatukana na kupiga watu. Muuguzi wa zamu, mama mtu mzima anayekaribia kustaafu, hakukimbilia sindano ya usingizi. Alimpima joto, akamchoma kidole apime sukari, akaagiza kipimo cha malaria. Sukari ilikuwa imeshuka vibaya mno. Alipowekewa glukosi ya mshipani, yaani sukari ya kuingizwa moja kwa moja kwenye damu, kijana alitulia, akauliza yuko wapi na kwa nini mikono inamuuma. Kamba zilikuwa zimemchuna ngozi hadi damu. Tangu siku ile tunajua kwamba malaria kali, homa ya uti wa mgongo na sukari iliyoshuka huweza kuvaa sura ya kichaa, na asiyepima anaweza kumlaza mgonjwa kwa sindano akafa huku wote wakidhani amepumzika.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kwetu wauguzi mgonjwa anayetaka kujiua hutangulizwa kuliko wote. Kwa takwimu za Shirika la Afya Duniani, zaidi ya watu 700,000 hujiua kila mwaka duniani. Wengi katika jamii yetu huogopa kumuuliza mtu jambo hili, wakidhani watampa wazo. Sisi tumefundishwa, na tumeona kwa macho yetu, kwamba kuuliza hakumpi wazo. Humpa nafasi ya kutua mzigo. Kwa hiyo tunauliza waziwazi: "Unawaza kujiua? Umeshapanga utafanyaje?" Jibu lake ndilo linalotuambia tukae naye karibu kiasi gani.

Liko jambo moja ambalo ndugu wengi hawalijui. Mgonjwa wa sonona kali, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha, huenda akakosa hata nguvu ya kuoga. Akianza dawa, nguvu zinaweza kurudi kabla matumaini hayajarudi. Ndugu wakimwona ameamka na anakula, hufurahi, wakaomba aruhusiwe. Sisi ndipo tunapozidisha uangalizi. Tunapita kitandani kwake bila saa maalumu, kwa sababu ukipita kila baada ya robo saa kamili anaishika ratiba yako. Wakati wa kukabidhiana zamu hatuingii ofisini sote; mmoja hubaki na wagonjwa. Tunakagua nyembe, mikanda, kamba za viatu, hata kamba ya kufungia chandarua. Tunamwomba mgonjwa afungue kinywa baada ya kumeza, kwa kuwa kidonge kinachofichwa shavuni leo, na kingine kesho, mwishoni hutosha kumdhuru.

Kwa anayesikia sauti wasizozisikia wengine, hatubishani naye wala hatumkubalii. Tunamwambia, "Mimi siisikii sauti hiyo, ila naona inakutisha." Kisha tunamuuliza inamwagiza nini, kwa sababu sauti inayoamrisha kuua au kujiua ni dharura. Tunaongea naye kwa sauti ya chini, tukisimama mahali ambapo si yeye wala sisi tumezibiwa mlango. Kumfunga mgonjwa ni hatua ya mwisho kabisa, na aliyefungwa haachwi peke yake: tunaangalia kama vidole vimepoa, kama amekunywa maji, kama anahitaji kwenda haja, na tunaandika saa aliyofungwa na saa aliyofunguliwa.

Dawa nazo zina usalama wake. Haloperidoli, dawa ya anayesikia sauti au kuchanganyikiwa, inaweza kumkaza mgonjwa shingo ikapinda, macho yakageukia juu. Nyumbani husemwa amerogwa, dawa inatupwa, na ugonjwa unarudi, ilhali tiba ya hali hiyo ipo na hufanya kazi haraka akiwahishwa. Klopromazini, dawa nyingine ya aina hiyo, hushusha shinikizo la damu mgonjwa anaposimama ghafla, hivyo tunamfundisha akae kwanza ukingoni mwa kitanda.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, hayo yote yanahitaji mtu awepo. Katika wodi moja tuliyofanyia mafunzo, muuguzi mmoja alibaki usiku na wodi nzima. Akimhudumia anayefanya fujo, anayelia kimya kitanda cha pembeni hana mtu. Milango ilikuwa na kufuli imara, lakini kufuli halioni wala halisikii. Ombi letu la kwanza na kubwa ni kuongezwa kwa wauguzi wa zamu ya usiku katika wodi za akili.

La pili, dawa za afya ya akili, pamoja na sindano ya kila mwezi inayochukua nafasi ya vidonge vya kila siku, zifike hadi zahanati. Hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mirembe kule Dodoma imekuwapo tangu miaka ya 1920 na imeokoa wengi, lakini mgonjwa wa kijijini asiye na nauli hukatiza dawa hata kama anataka kupona. La tatu, vifaa vya kupimia sukari visikosekane chumba cha mapokezi. Yule kijana wa kamba aliokolewa na tone moja la damu.

Wazazi wetu, mlipoambiwa mtoto atafanya kazi wodi ya akili baadhi yenu mlishtuka, na mmoja alilia. Ahsanteni kwa kuturuhusu hata hivyo.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunakukaribisha kwa unyenyekevu utukabidhi vyeti. Baada ya hapo, muda ukiruhusu, tunaomba tuongozane nawe wodini, hapo ng'ambo ya ukuta. Wagonjwa wamefagia uwanja tangu alfajiri, wakijua kuna mgeni.